STAA ANAICHEKA VETA, MJENGO WAKE KAJENGA NANI?

Wadau, leo sina ubuyu mtamu, nina ya moyoni. Kuna staa mmoja, jina kapuni, alikuwa laivu Instagram. Shabiki akamwambia anasomea ushonaji VETA. Staa akamuuliza kama alipata ziro. Watu wakacheka balaa. Mimi sikucheka.

Haya tuulizane. Gauni la zulia jekundu ulilishona mwenyewe? Ile jipsamu unayopigia picha sebuleni ilijipachika? Umeme ukikata usiku unampigia nani, shabiki au fundi?

Njoo huku kwetu Usa River. Barabara ya Moshi–Arusha ina mashamba ya maua, ina maloji. Arusha mjini mafundi wanakata Land Cruiser, wanairefusha, wanaiwekea paa la kufunguka ili mtalii amuone simba. Uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti haujengwi kwa laiki!

Lakini wadogo zetu wanaona aibu kuvaa ovaroli. Wako kijiweni wanabeti, wanasubiri kutoka kimaisha. Na wanaojituma nao wanaumia. Mtu anachomelea mwaka wa sita, hana cheti, bosi anampa hela ya kula tu. Anajua jamaa hana karatasi ya kwenda nayo kwingine. Sasa ukimcheka anayetafuta hiyo karatasi, unamsaidia nani kama si bosi?

VETA ipo kwa sheria ya 1994, na waajiri wanalipa tozo ya ujuzi inayosaidia kuiendesha. Hapo Njiro tu kuna chuo chao cha hoteli na utalii. Na kama ulijifunzia gereji mtaani, VETA wana utaratibu wa kukupima ujuzi ulionao na kukupa cheti, bila kukurudisha darasani kuanza moja.

Najua kuna mtu atasema vyeti vipo, ajira hakuna. Sawa, cheti si ajira. Ila siku ya kupatana mshahara, mwenye ujuzi na cheti anaongea, mwenye ujuzi mtupu anabembeleza. Hiyo tofauti ndiyo kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Mastaa, chekeni mengine. Na wewe mdau, shuka kwenye komenti: fundi wa nini, ulijifunzia wapi, cheti unacho? Taja kazi yako bila aibu.