Madini Joto, Kutoka Maabara Hadi Jikoni

Wiki hii tunaomba tuifuate siku moja ya masomo ya binti wa sekondari wa Titye, huko Kasulu, katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Ni siku ya kawaida. Asubuhi ana kipindi cha Biolojia, adhuhuri ana Kemia, na jioni inamsubiri kazi ya maji, kuni na chungu cha maharage.

Katika Biolojia wanapima wanga. Kipande cha muhogo kinadondoshewa tone la dawa ya rangi ya kahawia, na papo hapo kinageuka bluu iliyokoza mpaka kukaribia weusi. Dawa hiyo mwalimu anaiita ayodini. Tukumbuke kwamba mtoto huyu amelelewa kwa Kiha, akasomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na tangu Kidato cha Kwanza anafundishwa kwa Kiingereza, lugha yake ya tatu. Anaandika jina lile, analikariri, anafunga daftari.

Adhuhuri, somo la Kemia ni kutenganisha michanganyiko. Maji ya chumvi yanachemshwa, mvuke unapaa, chumvi inabaki chini. Kwa watu wa Kigoma jambo hili si geni hata kidogo. Kule Uvinza, kusini mwa Kasulu, maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000, na katika karne ya 19 misafara iliichukua chumvi hiyo hadi nchi za mbali. Wazee wengi wanaodhani hawajui Kemia wanaijua habari hii vizuri, ila hawajaulizwa.

Jioni binti anashika pakiti ya chumvi jikoni. Imeandikwa kwamba ina madini joto. Madini joto ndiyo ayodini ile ile ya asubuhi! Mama anaijua kwa jina moja, mwalimu kwa jina jingine, na mtoto anaweza kumaliza miaka minne ya sekondari bila mtu kumwambia kwamba ni kitu kimoja.

Nacho si kitu kidogo. Tezi iliyoko shingoni huyatumia madini hayo kutengeneza homoni zinazoongoza ukuaji na matumizi ya nguvu mwilini. Yakipungua, tezi huvimba na kuwa rovu. Kwa mama mjamzito hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na ubongo usiokua ipasavyo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mjamzito 250. Sehemu za milima huathirika zaidi, kwa sababu mvua za miaka mingi huyaosha madini hayo kutoka ardhini, na mazao yanayoota humo hukosa ya kutosha. Ndiyo maana huongezwa katika chumvi.

Hata hivyo, chumvi iliyoachwa wazi penye unyevu au jua hupoteza madini yake. Ihifadhiwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, na itiwe chunguni chakula kinapokaribia kuiva. Na vile vifaa vidogo vya kupimia chumvi hutumia wanga ndani yake: tone likigeuka bluu, madini joto yamo. Ni jaribio la asubuhi lililogeuzwa.

Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kuuliza, "Leo mmepima nini, mwanangu?" na kumwacha aeleze kwa Kiha au kwa Kiswahili, pakiti ikiwa mkononi. Jambo ambalo mtoto ameweza kumweleza mama yake, huyo ameshalielewa.

Tunalisema hili tukiwa na wasiwasi juu ya mabinti hasa. Kwa utaratibu ambao wazazi wengi wanaujua, mwanafunzi alipomaliza Kidato cha Pili aliruhusiwa kuziacha Fizikia na Kemia, akabaki na Biolojia. Wengi waliiacha Kemia hapo, wakisema ni ngumu, na nyumbani hakukuwa na aliyeuliza. Kumbe vyuo vya uuguzi, utabibu na famasia huitazama Kemia pamoja na Biolojia. Sisi hao hao, mke anapokaribia kujifungua, tunafika hospitali tukiuliza kama yupo mkunga wa kike. Tunamtaka binti wa nani, ikiwa wa kwetu tumemwacha aiache Kemia akiwa na miaka 15 au 16, kwa kutazama alama za mtihani mmoja?

Upimaji wa Kidato cha Pili hufanyika mwishoni mwa mwaka, na Januari shule hufunguliwa tena. Siku za kukaa naye na kulizungumza ni zile za likizo, naye yuko nyumbani.