PANO ZA JUA: MSAMAHA KWA WAKUBWA, MUZIGO KWA WADOGO

Ndugu wananchi wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kasumbalesa,

Wamama wa soko, vinyozi, washona nguo, wakwado, ninyi wenye sekretaria na ninyi wenye kushariji simu za watu,

Leo hatuandiki juu ya vita ya viti ya Kinshasa. Tunaandika juu ya konjelatere.

Kila mmoja wetu anamujua mama mwenye kuuza samaki ya baridi ku Katuba, ku Kenya ao ku Ruashi. Iko na konjelatere moja, meza moja, na watoto wa kusomesha. Umeme ukikatika saa tatu, anafunika konjelatere na blanketi na anasali. Ukikatika siku mbili, samaki inaoza, na makuta ya kununua katoni ingine inaoza pamoja nayo. Mwisho wa mwezi fakitire inafika kama kawaida, sawa vile hakuna kitu kilitokea.

Mama huyu alisikia, kama sisi wote, kwamba jua ni dawa. Jua ya Katanga haina delestaji. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi tunapata wingu kidogo sana. Basi anaenda ku duka, anauliza bei ya pano, batri, regilatere na konvertisa. Anarudi nyumbani kimya.

Swali yetu ni moja: ule msamaha wa kodi tunasikiaka ku redio, unaishia wapi? Juu ku meza ya mama haufike.

SHERIA ZIKO, MLANGO WA WADOGO NDIO HAUKO

Musituambie kwamba nchi haina sheria. Tulizisoma. Tuzihesabu pamoja.

Katiba ya 18/02/2006, artikle ya 48, inasema wazi: haki ya kupata maji safi na umeme inahakikishwa. Haikuandikwa "kwa wenye migodi". Haikuandikwa "kwa Gombe tu".

Sheria namba 14/011 ya 17/06/2014 ilivunja ukiritimba wa SNEL. Tangu siku ile, watu binafsi na makampuni wanaweza kutengeneza umeme na kuuuza. Sheria hiyo hiyo ilileta ANSER, kwa ajili ya vijiji na pembeni ya miji. Muzuri. Lakini mama wa Katuba haishi mu kijiji, na hana usine. Iko katikati, na kule katikati hakuna mutu anamuangalia.

Mwaka 2018 serikali ilitia sahihi dekreti ya kupunguza kodi na ushuru. Kwa nani? Kwa mambo ya kutengeneza umeme, kuuingiza na kuutosha inje ya nchi. Mama haingize umeme kutoka Zambia. Mama anataka kugandisha samaki.

Kisha kuko sheria ya uwekezaji, ile ya 21/02/2002, yenye ANAPI inasimamia. Hii ndiyo wakubwa wanaisifu sana mbele ya wageni. Ukikubaliwa, mashini zako mpya zinaingia bila ushuru, unabakia kulipa tu asilimia 2 ya kazi ya ofisi. Kinshasa unapata faida hizo miaka 3. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi miaka 4. Fasi zingine miaka 5. Hata biashara ndogo na za kati ziliwekewa fasi yao. Wapi basi shida? Shida ni kizingiti: kwa hao "wadogo", hesabu inaanzia dola 10,000 mpaka 200,000. Na kukubaliwa kwenyewe kunaomba sahihi za mawaziri wawili, wa Plan na wa Finances.

Wandugu, sikieni vizuri. Mu nchi hii, "mudogo" ni mutu wa dola 10,000. Kinyozi mwenye kutafuta pano ya Wati 300 haandikwe hata mu kundi ya wadogo. Na kama angeandikwa, angetafuta sahihi za mawaziri wawili juu ya mashini mbili za kunyoa!

Tusisahau TVA. Tangu mwezi wa kwanza 2012, TVA ni asilimia 16. Kampuni kubwa yenye kuandikwa ku TVA ikilipa ile 16 ku manunuzi yake, inaikata ku ile inapaswa kurudisha kwa serikali. Inapita tu mu mikono yake. Mama hajaandikwa, biashara yake ni ndogo sana. Kila TVA yenye iko ndani ya bei, yeye anaimeza yote. Kwa hiyo ku ngazi ya mwisho, mwenye nguvu anapumua na mwenye konjelatere moja analipa.

Na mifuko? FPI iko tangu 1989, inakula tozo ku bidhaa za kutoka inje na za usine za hapa. Kuko pia FOGEC kwa kudhamini mikopo. Sasa tunauliza kila mutu anayesoma barua hii: mu avenue yako, kuko kinyozi mmoja aliyenunua pano kupitia hiyo mifuko? Kama yuko, atuletee ushuhuda wake, tutautangaza na furaha.

HESABU YA KINYOZI

Hatupendi kulia bila hesabu.

Saloni ya kunyoa iko na mashini mbili, taa tatu za LED, televizyo ndogo, na simu za wateja za kushariji. Ukiwasha vyote pamoja, ni karibu Wati 150. Kwa siku nzima ya kazi anakula karibu Wati-saa 800. Pano za Wati 300, batri ya ampere 100 ao 150, regilatere na konvertisa ndogo zinatosha wakati wa jua. Wakati wa mvua atazima televizyo. Haiko mambo ya mwezi wala ya nyota.

Leo kinyozi yule anafanya nini? Anawasha grupe. Grupe ndogo inakunywa karibu nusu lita ya esanse kwa saa. Saa nane ni lita 4. Siku 26 za kazi ni lita zaidi ya 100 kila mwezi, weka na mafuta ya mashini, na moshi mu pua ya watoto wa jirani. Makuta ya pano anaitosha kila mwezi mu muferezi ya grupe. Anashindwa kuitosha mara moja tu.

Hapo ndipo mkopo ungesaidia. Pano ya kweli inaishi miaka 20 na zaidi. Batri ya risasi inaishi miaka 2 ao 4, ukiitunza. Lakini mkopo wanaotupatia ni wa miezi sita, riba inahesabiwa kila mwezi, na kurudisha kunaanza mbele hata fundi hajapanda ku paa. Nani anaweza kulipa mu miezi sita kitu cha miaka ishirini? Ule mkopo ni mtego.

Na mwenye kushindwa mkopo anakimbilia pano ya bei chini. Tunawaomba, wandugu, mufungue macho. Pano ya kawaida ya leo inatosha karibu Wati 200 kwa kila mita moja ya mraba. Wakikuuzia pano ya mita moja kwa mita moja, na karatasi nyuma inasema Wati 400, wanakuibia mchana, chini ya jua lenyewe. Beba metre ya mshona nguo uende nayo ku duka. Usione haya.

UMEME UNAPITA JUU YA VICHWA VYETU

Kuko watakaosema: serikali haina makuta, mungoje Inga 3. Tunawajibu na historia.

Inga 1 iliwashwa mwaka 1972, Inga 2 mwaka 1982. Kutoka Inga walivuta waya wa kilometa karibu 1,700 mpaka Kolwezi. Ulivuka nchi, ulipita juu ya vijiji vya Kasai bila kushuka, juu ulikuwa unaenda ku shaba. Mbele yake, mwaka 1930, Mwadingusha iliwashwa ku mto Lufira, tena kwa ajili ya shaba. Tangu wakoloni mpaka leo, mu jimbo letu umeme unajua njia ya mgodi; njia ya Katuba unaisahau kila siku. Mpaka leo, ku Wakongomani watano, ni karibu mmoja tu mwenye kupata umeme.

Na shaba yenyewe inaenda wapi? Inakuwa waya. Kobalti ya Kolwezi inakuwa batri za magari huko Ulaya na China. Kongo inatosha zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Kisha waya na batri zinarudi kwetu kupitia Kasumbalesa, na ku barriere tunalipishwa kama vile ni vitu vya anasa. Shaba yetu inatoka ikiwa udongo, inarudi ikiwa deni.

Ku barriere, dekreti ya 28/03/2002 iliruhusu services nne tu. Siku unapita na kartoni yako ya regilatere, hesabu wewe mwenyewe wangapi wanakuomba madesu ya bana. Kila mukono wenye kunyoshwa pale, ni mama wa samaki anaulipa mwisho wa njia.

Kuko wengine watasema: kila mutu ajipange, artikle 15. Hapana. Tumejipanga miaka na miaka. Mutu akijinunulia maji, ulinzi, barabara na umeme, serikali inabakia na kazi gani, isipokuwa kukusanya patente? Pano ku paa ya kinyozi ni akili yake na jasho yake. Isiwe sababu ya kusema "sasa munajitegemea" na kuacha kabini za mtaa ziendelee kuungua.

TUNAOMBA NINI

Hatuombi zawadi. Tunaomba mlango kwa kipimo cha watu wengi.

1. Orodha ya ushuru na kodi zote za pano, batri, regilatere na konvertisa itangazwe, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ku ukuta wa Kasumbalesa na ku masoko makubwa. Kama kuko msamaha, tuuone kwa macho. Kama hauko, waache kutudanganya ku redio.

2. Vifaa vya jua vya biashara ndogo, mpaka Wati 2,000, visilipishwe ushuru wala TVA. Na wenye maduka waonyeshe ku bei kwamba msamaha umeshuka mpaka kwa mnunuzi. Msamaha wenye kubakia mu mufuko ya mwingizaji ni wizi wenye muhuri.

3. Kizingiti cha dola 10,000 kiondolewe kwa vifaa vya jua. Fakitire ya duka na karatasi ya patente vitoshe, na ofisi ya hapa hapa jimboni ijibu. Hakuna konjelatere ya kusafiri mpaka Kinshasa.

4. FPI na FOGEC wafungue dirisha la mikopo ya dola 300 mpaka 3,000, ya miaka 2 ao 3, na wakubali likelemba ya wamama kuwa dhamana. Likelemba yenye imezunguka miaka mitano bila mutu kukimbia na makuta ni dhamana kupita kiwanja chenye karatasi tatu na wenyewe watatu.

5. OCC ipime pano zenye kuingia, na itangaze matokeo. Pano ya bongo irudie kule ilitoka.

6. SNEL itangaze saa za delestaji kwa kila mtaa, na isilipishe saa ambazo haikutoa umeme.

Kwa wabunge wa jimbo: patente na tozo za muji ziko mu mikono yenu na ya viongozi wa muji, haziko za Kinshasa. Munaweza kupunguza patente ya mwaka moja kwa kila mwenye kuzima grupe na kuweka pano. Haiombi sahihi ya waziri. Inaomba kikao kimoja.

NA SISI TUFANYE NINI

Wandugu na dada zetu, kulalamika peke yake hakushariji simu.

Kuanzia juma hii, vijana wetu watapita ku Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba na Ruashi na daftari. Mutuandikie: lita ngapi za esanse kwa mwezi, siku ngapi bila umeme, samaki ngapi zilioza, bei gani walikuambia kwa pano, na nani alikuomba nini ku njia. Leteni fakitire, hata ile yenye mafuta ya samaki. Majina yenu hayatatoka. Zikifika nyingi, tutazibeba kwa mukono mpaka ku bunge ya jimbo, kwa amani, bila jiwe, bila kuchoma gurudumu. Tutaziweka moja moja mbele ya mlango, mpaka watoke kuzisoma.

Ukiwa na woga, tunakuelewa. Lakini jiulize: woga huu umekugharimu lita ngapi mwaka huu?

Jua inatoka kila asubuhi bila kuomba karatasi. Mwenye kutuwekea barriere katikati yetu na jua ni mutu, na mutu anaweza kuulizwa.

Tutauliza.

Imeandikwa Lubumbashi, na vijana wananchi wa muji.