Rangi Mbili Zinazofanana

Mume na mke watakao kupaka rangi chumba hawagombani juu ya nyekundu na buluu. Hugombana juu ya rangi mbili za mchanga, moja ikielekea manjano, ya pili ikielekea kijivu. Hata sisi tulibishana na mwenzetu wa nyumbani siku tatu, kila mmoja akishika kikaratasi chake cha duka. Fedha tulizoziweka kwa taabu zilitosha kupaka mara moja tu.

Lakini rangi haikai peke yake. Mwaka 1824, Chevreul, mjuzi wa kemia, aliwekwa kuongoza kazi ya kutia nyuzi rangi katika karakana ya Gobelins, Paris. Watu walinung'unika kwamba nyuzi nyeusi zimefifia. Akachunguza, akaona rangi yenyewe ni njema. Rangi za jirani ndizo zilizodanganya macho. Mwaka 1839 akatoa kitabu juu ya jambo hilo.

Basi tulinunua mikebe miwili midogo, tukapaka mbao mbili kubwa, tukazisimamisha ukutani asubuhi, jioni, na usiku chini ya taa. Ile ya kijivu, tuliyoitetea kwa maneno mengi, ilipokaa karibu na sakafu yetu nyekundu ilionekana kijani kama maji ya bwawa. Tukanyamaza. Mama wa nyumba hakucheka, alileta brashi.

Enyi wazazi, msiamue kwa kikaratasi wala kwa sauti kubwa. Iwekeni rangi mahali itakapoishi, ndipo mwihukumu.