Wamunda: Ardhi Kabla ya Sanamu

Kila tarehe 15 Novemba India humkumbuka Birsa Munda, kiongozi wa maasi ya Wamunda dhidi ya Waingereza. Jimbo la Jharkhand lilizaliwa siku hiyo mwaka 2000, na tangu 2021 serikali kuu imeifanya kuwa siku ya kitaifa ya kuyaenzi makabila ya asili. Uwanja wa ndege wa Ranchi unaitwa kwa jina lake. Heshima hizo anazistahili. Ila toleo hili tumelitenga kwa kile alichokifia, yaani ardhi, maana kumsifu marehemu kumekuwa rahisi kuliko kuilinda ardhi ya jamaa zake walio hai.

Kwa Wamunda wa nyanda za juu za Chotanagpur, ukoo uliofyeka msitu na kuanzisha kijiji ndio uliokuwa na haki ya ardhi yake. Haki hiyo waliiita khuntkatti, na ushahidi wake ulikuwa makaburi. Mtu akifa na mwili wake ukachomwa, mifupa iliyobaki hukusanywa ikatiwa chunguni, kisha siku ya sherehe huwekwa chini ya bamba kubwa la jiwe lililoegeshwa juu ya mawe madogo, mara nyingi kivulini mwa mkwaju. Jiwe hilo, sasandiri, ni la ukoo mzima. Mgeni hata akiishi kijijini mpaka uzeeni, mifupa yake haiingii hapo. Anayeuliza kijiji ni cha nani huonyeshwa mawe.

Mahakama za Waingereza zilitaka karatasi, na karatasi walikuwa nazo mabwanyenye na wakopeshaji kutoka nje. Mwenye kijiji akageuzwa mpangaji, akafanyishwa kazi bila ujira. Desemba 1899 Wamunda wakainuka kwa pinde na mashoka, Birsa akiwaongoza. Tarehe 9 Januari 1900 askari wakawamiminia risasi kwenye kilima cha Sail Rakab. Birsa alikamatwa baada ya wiki chache, akafia katika gereza la Ranchi tarehe 9 Juni, akiwa na miaka 24. Wakuu walisema ni kipindupindu.

Wasimuliaji wengi huishia hapo, na kwa kuishia hapo huwanyima Wamunda ushindi wao. Ulgulan, kama walivyoyaita maasi hayo, iliilazimisha serikali kupima ardhi na kuandika haki za koo, na mwaka 1908 ikapitishwa Sheria ya Upangaji ya Chotanagpur. Padri Mjesuti Johann Hoffmann, aliyeijua lugha ya Kimundari kwa kina, alisaidia kuiandaa. Kifungu cha 46 kinazuia ardhi ya watu wa makabila kuhamishiwa watu wengine kiholela. Sheria hiyo ingali inatumika, na sisi tunaiona kuwa kumbukumbu ya Birsa iliyo na uzito kuliko sanamu zote.

Sheria hiyo ndiyo iliyoguswa mwaka 2016, pale bunge la Jharkhand lilipopitisha marekebisho ya kuruhusu mashamba yatumike kwa shughuli zisizo za kilimo. Watu waliandamana. Mwaka 2017 gavana, Droupadi Murmu, mwana wa Wasantali na leo Rais wa India, aliurudisha muswada, na serikali ikauondoa. Kipindi hichohicho vijiji vya wilaya ya Khunti vilianza kusimamisha mawe mapya yenye maandishi ya vifungu vya Katiba. Maelfu ya wanakijiji wakafunguliwa kesi za uchochezi, mpaka serikali iliyoingia Desemba 2019 ilipotangaza kuzifuta. Kushtakiwa kwa kuiandika Katiba ya nchi yako kwenye jiwe! Hatuwezi kuliita jambo hilo kwa jina jingine ila dhuluma.

Ngoma za uwanja wa akhra zimo humu, na sikukuu ya Sarhul ya majira ya kuchanua kwa miti ya sal imepewa nafasi kubwa. Lakini Sarhul hufanyiwa katika msitu mtakatifu wa kijiji, na msitu huo umeota juu ya ardhi ileile inayogombewa. Kwa hiyo kurasa za mwanzo tumewapa wapima ardhi, mawakili na wazee wa koo. Wacheza ngoma wanafuata.