Sare ya Mjukuu Isilipwe kwa Kahawa Iliyo Mtini



Leo tuweke kando mbolea na viuatilifu, tuzungumze kuhusu bibi na babu wanaolea wajukuu. Hapa Kagera tunao wengi. Wengine walizika watoto wao miaka ile ya UKIMWI, wakabaki na yatima. Wengine wameachiwa mtoto na kijana aliyekwenda kutafuta maisha Mwanza au Dar es Salaam.

Januari shule zinafunguliwa. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha sita, lakini sare, viatu na madaftari ni juu ya mlezi. Kahawa bado mbichi, mavuno ni hadi mwezi wa tano. Hapo ndipo butura inapobisha hodi. Bibi anapewa pesa kidogo, na kahawa yote iliyo mtini inakuwa ya mnunuzi. Mavuno yakifika hana kitu, na Januari nyingine inamkuta palepale.

Niliwahi kufika kwa bibi mmoja kumfundisha kupogoa. Akaniambia, "Mwanangu, hii kahawa si yangu tena." Alikuwa anaipalilia yeye, mgongo umepinda. Nilikosa la kujibu.

Kwa maoni yangu, huyu bibi hakosi elimu ya kilimo. Anakosa pesa ya Januari, na hiyo tunaweza kuipanga.

Wewe uliyemwachia mtoto, tuma pesa ya sare Desemba, kabla ya nauli ya sikukuu. Msimu wa palizi, tuma ya kibarua.

Ndugu mfanyabiashara, butura imepigwa marufuku, nawe unajua. Ukitaka kumsaidia mzee, mkopeshe kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Arudishe alichokopa, si shamba zima.

Nawe bibi au babu, fuga kuku wa kienyeji hata watano. Wachanje mdondo kila baada ya miezi mitatu, uza Desemba bei ikiwa nzuri. Kama una kikoba, kubalianeni mgawane mwezi huohuo.

Mzee akila vizuri na kulala bila deni, mjukuu naye atasoma. Tusisubiri Januari ndipo tuanze kumhurumia.