Bei ya mafuta isilipwe kwa ardhi ya mkulima

Mkulima wa Mzenga, wilayani Kisarawe, aghalabu hana gari wala trekta, lakini bei ya dizeli inamgusa kila siku. Inamgusa anapopeleka mahindi mashineni, anapolipa nauli ya bodaboda, na pale mnunuzi wa mihogo kutoka Dar es Salaam anapokata gharama za fuso kwenye bei ya gunia. Mafuta yakipanda, anayeumia kwanza ni yule wa shambani.

Sababu kubwa za kupanda huko ziko nje ya uwezo wake. Tanzania huagiza kutoka nje petroli na dizeli yote inayotumia. Kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiliacha kusafisha mafuta zaidi ya miaka 20 iliyopita. Hivyo bei ya sheli hufuata soko la dunia, gharama za meli, thamani ya shilingi mbele ya dola, pamoja na kodi na tozo za serikali. Julai 2008 pipa la mafuta ghafi lilifika dola 147. Mwaka 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, bei zilipaa tena, na kuanzia Juni serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Hatua hiyo humzuia mfanyabiashara kuzidisha bei, lakini haiteremshi bei ya dunia.

Ni kweli basi kwamba taifa linahitaji kujitegemea kwa nishati. Swali ni kwa gharama ya nani. Kisarawe inalo jibu lake. Wakati bei zilipopanda katika miaka ya 2000, kampuni ya Uingereza ya Sun Biofuels ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 vya wilaya hiyo, kwa miaka 99, ili kulima mibono ya kukamua dizeli. Wanavijiji walitarajia ajira, visima, zahanati na barabara. Mwaka 2011 mradi ulikwama, vibarua wakapoteza kazi na shamba likahamia kwa mwekezaji mwingine. Ahadi nyingi hazikuwa kwenye maandishi, hivyo hapakuwa na wa kudaiwa.

Ardhi nayo haikurudi yenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikishahamishwa kuwa ardhi ya kawaida kwa ajili ya uwekezaji, hairejei kijijini kwa sababu tu mwekezaji ameshindwa. Kijiji kinakuwa kimepoteza mahali pa kulima, kukata kuni na kuchota maji, na mafuta yenyewe hakikuyaona.

Leo nchi ina njia nyingine. Gesi ya Songosongo imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004, na baadhi ya magari na bajaji jijini humo hutumia gesi badala ya petroli. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuzalisha umeme mwaka 2024. Nishati hizi hazitauzwa kwa bei ya pipa la Uarabuni. Lakini zitamfaa mkulima iwapo tu umeme utafika kwenye mashine ya kusaga na pampu ya kumwagilia, si kuishia kwenye taa ya ofisi ya kijiji, na iwapo vituo vya gesi vitajengwa pia kwenye njia za mazao.

Mibono ilishindwa, lakini bei zikipaa tena watakuja wengine na zao jingine. Siku hiyo mkutano mkuu wa kijiji usipige kura kabla ya kuona mkataba wa maandishi, kwa Kiswahili, unaotaja fidia, ahadi na tarehe zake, na namna ardhi itakavyorudi mradi ukifa. Afadhali kijiji kikodishe kuliko kuhamisha. Dizeli ikipanda leo huenda ikashuka kesho. Shamba likiondoka, mjukuu atakuta jina lake tu.