Mgeni wa Bara na Bahari Yetu

Tangu mwaka 1976 reli ya TAZARA imeiunganisha Makambako na pwani. Familia za huko na za Njombe zikifika visiwani kutaka kujifunza kuvua kwa mshipi katika maji madogo, sisi tunaliunga mkono jambo hilo, maana malipo yao humfikia mwenye ngalawa mwenyewe.

Lakini mtoto aliyekulia kwenye mashamba ya chai na viazi haijui bahari. Hajui kwamba wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka karibu meta 4, na kwamba mwamba aliousimamia asubuhi huwa kilindini alasiri. Misiba ya MV Spice Islander mwaka 2011 na MV Skagit mwaka 2012 haijasahaulika.

Kwa hiyo tunawaomba manahodha wawachukue wageni siku za maji mafu, wasivuke mwamba, na kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Viongozi nao wasingoje ajali. Wavikague vyombo hivi vidogo kama meli zinavyokaguliwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye hana budi arudi kwao salama.